Priamplifaya nyumbani, ununue au uache?
Kaka umesema una amplifaya moja yenye volyumu yake na unapiga muziki kutoka kwenye simu na deki ya CD, hapo usitoe hela aisee, priamplifaya (kile kifaa cha kuandaa na kupandisha sauti kabla ya amplifaya kuikuza) imo humohumo ndani tayari na CD inatoa kama volti 2, zinatosha kabisa. Ila hizo santuri za taarab za mzee hapo Ngamiani ndo habari nyingine, sindano inatoa milivolti 5 hivi tu halafu besi ilipunguzwa makusudi wakati wa kukata santuri, kwahiyo lazima upate priamplifaya ya santuri iirudishe, bila hivyo utasikia sauti nyembamba ya mbaali. Cheki kwanza nyuma ya amplifaya kama pameandikwa PHONO, yaani tundu la santuri, ukipaona basi hiyo ya santuri imo ndani tayari, chomeka hapo na waya wa ethi wa deki ya santuri ufunge, usiuache ukining'inia, spika zitavuma.