Kama ndo unaanza kupima malisho kwa haipaspektra, anzia chini kwenye nyasi

Wadau mnaoingia kwenye hii kazi ya kupima nyasi na malisho kwa kamera na satelaiti za haipaspektra (zinazogawa mwanga unaorudi kutoka kwenye nyasi kuwa vipande vyembamba vingi, yani mabendi), nawaomba kitu kimoja, msikimbilie kompyuta. Najua data ikifika na mabendi yake mia mbili na ushee mikono inawasha kuanza kutengeneza modeli ya kukadiria wingi wa nyasi, ila modeli yako itakuwa nzuri kadiri ya nyasi ulizokata na ulivyozikata, basi.

Chukua spektromita ya mkononi, kifaa cha kupima mwanga unaorudi kwa kila bendi. Ile inayoona kwa pembe ya nyuzi 25, ukiishika mita moja juu ya nyasi inaona duara la upana wa sentimita 44 hivi, sasa mtu anapima hapo mara moja halafu anatupa fremu ya mita moja kwa mita moja anafyeka zote zilizomo, yani alichopima na alichokata ni vitu viwili tofauti na hakuna hesabu ya kuja kuokoa hiyo. Piga vipimo kadhaa ndani ya fremu uchukue wastani, au tumia fremu ndogo. Kile kibao cheupe cha rejea, unacholinganisha nacho mwanga unaorudi kutoka kwenye nyasi, kipime kila baada ya dakika chache na kila mwanga ukibadilika, na usikiguse kwa vidole, mafuta ya ngozi yanakichafua. Nguo nyeupe acha nyumbani, zinarudisha mwanga kwenye nyasi.

Ukikata, pima uzito mbichi palepale, alafu tenganisha majani mabichi na makavu kabla ya kuyakausha kwenye oveni. Inachosha kweli, lakini hapo ndo kuna utamu wenyewe wa haipaspektra. NDVI, kile kipimo cha ukijani cha bendi mbili tu (nyekundu na infraredi ya karibu), inaona ubichi tu, na nyasi zikishasongamana sana inagota, haipandi tena hata majani yakiongezeka. Majani makavu nayo ukiyaangalia kwa mwanga wa kawaida yanafanana na udongo mtupu, wakati kiangazi ndo chakula chenyewe cha mifugo! Tofauti inajitokeza kwenye mwanga usioonekana kwa macho, karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 2100, pale selulosi na lignini (vitu vinavyojenga nyuzi za mmea) zinapomeza mwanga, udongo hauna hizo. Ila nyasi zikiwa na umande maji yanafunika hiyo alama, kwahiyo subiri zikauke, jua likiwa juu.

Bendi za karibu na nanomita 1400 na 1900 kwa vipimo vya juani zitupe tu, mvuke wa maji angani unameza karibu mwanga wote, kinachobaki ni kelele, yani namba zisizo na maana.

Kwenye modeli naogopa kitu kimoja kuliko vyote. Una sampuli chache, bendi nyingi zinazofanana na jirani zake, modeli inakariri badala ya kujifunza, na ukichanganya sampuli za eneo moja ukazigawa kiholela za kufundishia na za kujaribia utapata majibu matamu ya uongo. Jaribu kwenye eneo ambalo modeli haijawahi kuliona, au msimu mwingine.

Na kama unalenga satelaiti kama PRISMA ya Italia (2019) au EnMAP ya Ujerumani (2022), kumbuka pikseli (nukta moja ya picha) ni mita 30 kwa 30 ardhini, fremu moja ya nyasi haiwezi kuisemea, tafuta mahali ambapo nyasi ni za aina moja kwa upana kuzidi pikseli yenyewe na utawanye fremu zako humo, mbali na miti na njia za mifugo.