Umaskini huleta ulevi, au ulevi huleta umaskini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni ofisa maendeleo ya jamii katika kata moja Moshi Vijijini. Kikaoni wajumbe waligawanyika: wengine wanasema vijana wanakunywa kwa kukosa kazi, wengine wanasema wanakosa kazi kwa sababu ya kunywa. Mwenyekiti anataka tuandike barua kuomba pombe ipandishwe bei. Kitaalamu, kipato kinaathiri vipi unywaji? Na bei ikipanda, watapunguza kweli?

JIBU: Marahaba. Pande zote mbili zina ukweli, ila ubishi huo hautawasaidia kupanga kazi. Kipato hakiamui sana nani anywe na nani asinywe. Kinaamua zaidi anywe nini, kwa kasi gani, na yampate yapi baadaye.

Vikaoni husahaulika kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima Afrika hawanywi kabisa. Dini, na kwa wanawake macho ya majirani, vina nguvu kuliko mshahara. Katika nchi nyingi wanywaji ni wengi zaidi miongoni mwa wenye nacho, lakini madhara huwaelemea wasionacho, hata wakinywa kiasi kilekile. Meneja hunywa ameshakula nyama, hurudi kwa teksi na ana bima. Kibarua hunywa tumbo tupu, hurudi gizani kwa pikipiki, na alichokunywa hakuna aliyekipima.

Halafu kuna suala la namna fedha inavyoingia. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi halisi. Kiroba, yaani pombe kali ya pakiti ndogo, cha mililita 100 chenye asilimia 35 kilikuwa na karibu gramu 28, na mtu alikimaliza kwa mafunda mawili huku amekilipia kwa chenji. Anayelipwa kila jioni huuziwa kileo cha kipimo cha jioni ile. Ndiyo maana marufuku ya viroba ya Machi 1, 2017 iligusa kitu halisi: pombe kali ilitolewa kwenye kiwango cha sarafu za mfukoni. Haikumaliza ulevi, wala mimi sikutarajia hivyo.

Mbege, pombe ya kienyeji ya ndizi na ulezi, ni habari nyingine. Huchukua siku kadhaa kuandaliwa, haikai muda mrefu bila kuharibika, na kwa desturi hunywewa mbele ya wazee, kwa kupokezana kata ya kunywea. Hayo yote ni breki. Lakini kumbuka pia mama anayeipika: kwa wengi ndiyo ada ya shule. Mkifunga kilabu bila kumwonyesha kipato kingine, atahamia kwenye kinachouzika kwa siri, na kinachouzika kwa siri ni gongo, pombe kali haramu ya kienyeji.

Hapo ndipo jibu la bei lilipo. Scotland ilipiga marufuku kuuza pombe chini ya bei fulani mwaka 2018, na tathmini iliyofuata ilionyesha vifo vitokanavyo moja kwa moja na pombe vilipungua kuliko ilivyotarajiwa bila sheria ile. Kule mnywaji hana mtambo wa gongo nyuma ya mgomba wa jirani. Kenya, nafuu ya kodi ya bia ya pipa, ambayo ilianzishwa ili kuwatoa watu kwenye chang'aa, yaani gongo ya kwao, ilipunguzwa mwaka 2013. Bei ikapanda, mauzo yakaporomoka, na mwaka 2015 serikali ikairudisha nafuu hiyo kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo kodi hufanya kazi pale ambapo pombe nyingi inapita dukani. Kwenu sehemu kubwa haipiti huko, na barua ya bei peke yake itawagusa wanywaji wa bia zaidi ya hao mnaowalilia.

Kuhusu hao vijana, hasa wa bodaboda, kuna utafiti wa Chennai, India, ninaoupenda. Madereva wa baiskeli za abiria walipewa malipo madogo kila jioni walipofika kwa watafiti wakiwa hawajanywa. Jumla ya pombe haikupungua sana. Wengi walisogeza unywaji hadi usiku. Lakini akiba yao ilipanda kwa takriban nusu, na zaidi ya theluthi yao walichagua malipo yenye sharti hilo hata walipoweza kupata fedha hizo bila sharti. Yaani walikuwa wakitafuta kitu cha kuwazuia. Kijiwe chenye kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba, kinachokusanya saa nane mchana, kabla raundi hazijaanza kuzungushwa, kinaweza kufanya kazi hiyo. Kijaribuni kwenye vijiwe viwili kabla ya kuandika barua yoyote.

Mkikusanya takwimu, msiulize tu “unakunywa?” Ulizeni unalipwa lini, unanunua wapi, unakula kabla au baada, nani hununua raundi. Tumieni pia dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani: maswali 10, na alama 8 au zaidi zinataka mazungumzo na mhudumu wa afya.

Tahadhari moja: mkimkuta anayetetemeka mikono asubuhi mpaka anywe, msimshinikize aache ghafla nyumbani. Anaweza kupata degedege na kufa. Huyo apelekwe hospitali ya Mawenzi au ya KCMC akaachishwe chini ya uangalizi.