Tarakimu Zimeonyesha Nini?

SWALI: Nafundisha watoto kutengeneza programu kwa kuunganisha bloku za Scratch. Juzi tuliigeuza 13 iwe binari, yaani iandikwe kwa 1 na 0 tu, tukaihifadhi kwenye orodha: 1, 1, 0, 1. Niliandika ubaoni "orodha ya namba nne". Mwalimu mwenzangu akafuta, akaandika "tarakimu nne". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako, ingawa kumfutia mtu ubao mbele ya wanafunzi si adabu. Kumi na tatu ni namba moja, uiandike utakavyo. Kwa mfumo wetu wa kawaida inachukua tarakimu mbili, kwa binari nne. Mnapoigeuza kwa kuigawa kwa 2 tena na tena hadi ifike 0, kila mara ile baki ya 1 au 0 ndiyo tarakimu. Baki ya kwanza ndiyo tarakimu ya mwisho, kwa hiyo kila baki mpya ipachikwe nafasi ya 1 ya orodha; wakiziongeza mkiani watapata 1011, ambayo ni kumi na moja. Na tafadhali wasisome 1101 "elfu moja mia moja na moja". Ni moja, moja, sifuri, moja.

Sasa nikushukuru kwa kunichokoza. Kila wiki nasikia redioni: "Tarakimu zinaonyesha kuwa ajali zimepungua." Tarakimu zipi, jamani? Ziko kumi tu, kuanzia 0 hadi 9. Ni ipi iliyoonyesha? Tano? Saba ilikuwa wapi ajali zikipungua? Na hiyo sifuri, isiyo na kitu, nayo imetoa ushahidi? Tarakimu peke yake haijui habari za barabarani, kama vile herufi "b" isivyojua habari za basi. Zinazoonyesha ni takwimu: namba zilizokusanywa, zikapangwa, zikachambuliwa.

Yote mawili yametoka Kiarabuni, tarakimu kwenye ukoo wa raqm, takwimu kwenye taqwim, yaani kalenda. Sauti zimekaribiana, na mtangazaji anayetafsiri mbiombio kutoka Kiingereza, ambako neno moja, "figures", hubeba maana zote mbili, hachelewi kuteleza. Akisema "mfumuko wa bei wa tarakimu mbili", hapo nampigia makofi: ni kuanzia asilimia 10 hadi 99.

Namba au nambari? Chagua, nimechoka kugombana. Binari pia naivumilia. Asiyeipenda aseme mfumo wa kizio cha mbili. Ila "mfumo wa jozi" hapana. Jozi ni ya viatu.