Shangazi, mke wangu ameona bei ya kromu

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 39, naishi Tororo, nina mke na watoto watatu. Marehemu baba alikuwa mtu wa reli, na alituachia pikipiki yake, BSA ya mwaka 1961, ile yenye nembo ya bunduki tatu kwenye tangi. Imekaa stoo miaka 12. Mwaka huu nikaamua kuifufua. Injini imekubali, tatizo ni kromu. Fundi wa Nairobi alinitajia milioni 2 na laki 4 za Uganda kwa usukani, rimu mbili, eksozi na sailensa yake, madigadi mawili na pete ya taa. Nimelipa zote. Mke wangu nilimwambia ni laki 6. Zilizobaki nikazitoa kwenye pesa za mabati ya nyumba tunayojenga. Sasa fundi amepiga simu anataka laki 9 nyingine, eti kutu imekula vyuma. Mke wangu akauona ujumbe wa pesa kwenye simu. Leo siku ya nane hasemi na mimi, anaweka chakula mezani na kuondoka. Mdogo wangu aliyeko Kampala anasema tuiuze kama ilivyo. Ajabu ni kwamba mvua ilipovuja stoo, yeye mwenyewe mama watoto ndiye aliyeifunika turubai. Je, fundi ananiibia? Na nimweleweshe vipi huyu mama kwamba kromu ni ghali?" – Mtoto wa Reli, Tororo

Marahaba, mwanangu. Maswali yako ni mawili na la kwanza ndilo jepesi, kwa hiyo naanza nalo, ingawa najua kina mama wanaonisoma walitaka nikurukie tangu mstari wa kwanza. Wavumilie kidogo, zamu yao inakuja.

Kwa ulivyoeleza, sioni wizi. Watu wengi wanadhani kupiga kromu ni kuchovya chuma kwenye dawa, kitoke kinang'aa kama kijiko kilichooshwa. Huko kuchovya ndiyo kazi ndogo kuliko zote. Kromu yenyewe inayokaa juu haifiki hata mikroni 1, unywele wako mmoja unaishinda unene kama mara 100, na inashika kwa dakika chache tu. Tabaka jembamba namna hiyo halifichi kitu. Mkwaruzo uliokuwa chini utauona juu, tena unameremeta. Kwa hiyo fundi kwanza anavua kromu na nikeli za zamani, anatoa kutu kwa tindikali, kisha anasimama kwenye mashine ya kusugulia na msasa, kutoka ule mkali hadi ule laini, kipande baada ya kipande. Penye vishimo vya kutu analaza shaba, anasugua, analaza tena, anasugua tena, mpaka vijae. Ndipo ije nikeli, ambayo ndiyo hasa inayozuia kutu na kutoa mng'ao, na mwisho kabisa kromu. Ukilipa, unalipia mgongo na mikono ya mtu aliyeinama siku nzima kwenye vumbi la chuma.

Ndiyo maana simu ya pili ilikuja. Chini ya kromu ya miaka 60 hakuna anayejua kuna nini mpaka ivuliwe. Kosa lake, kama analo, ni kutokukuambia mapema kwamba bei ya kwanza ilikuwa ya chuma kizima.

Na kromu ya bei rahisi naijua. Mimi nimekulia Jinja nyuma ya gereji ya baba, na bado nilidanganyika. Bampa ya gari la marehemu mume wangu niliipeleka kwa fundi mmoja, simtaji, aliyeniambia nusu ya bei ya wengine. Siku niliyoichukua ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Mvua za Aprili zikapita juu yake, na kufika Juni ilikuwa inababuka kama ganda la kitunguu. Nilibandua kipande kwa ukucha nikiwa nasubiri kivuko, kikanikata kidole kama wembe. Chini hapakuwa na shaba wala chochote cha maana, ila chuma kilichopakwa haraka kabla kutu yake haijatoka. Nikalipa mara ya pili, kwa mwingine, aivue kazi ya yule wa kwanza.

Haya, laki 9. Usiilipe bado. Mpigie fundi umuulize ni kipande gani kimeliwa na kwa kiasi gani, akupigie picha, aandike bei ya kila kimoja peke yake. Bei ya jumla ndiyo inayomezesha watu vitu. Nabashiri utakuta ni rimu ya mbele na sailensa. Sailensa huoza kutoka ndani, kwa maji na moshi, na ukuta wake ukishakuwa karatasi hakuna kromu itakayoushika. Rimu ni hatari zaidi: kila inaposuguliwa inapungua, na hiyo ndiyo inayokubeba na mtoto nyuma. Iliyoliwa sana haisuguliwi, inabadilishwa. Pikipiki za Kiingereza zina wapenzi kila pembe ya dunia, kwa hiyo rimu na sailensa mpya za BSA bado zinatengenezwa, zikija na kromu yake tayari. Linganisha bei hiyo, pamoja na usafiri na ushuru, na laki 9 ya kukarabati kilichooza.

Madigadi nayo yaondoe kwenye orodha. BSA nyingi za wakati huo zilitoka kiwandani na madigadi ya rangi. Nani alikuambia ya baba yako yalikuwa ya kromu? Angalia picha za zamani, au kwaruza kidogo upande wa ndani uone rangi gani iko chini. Ukiondoa madigadi, rimu ya mbele na sailensa, hesabu yako na fundi inabadilika kabisa. Ulishavilipia, na kazi haijafanyika au imefanyika nusu. Pesa hizo zihamie kwenye usukani, eksozi, rimu ya nyuma na pete ya taa, na huenda laki 9 ikatoweka yenyewe. Akikataa kuongea hesabu hiyo, hapo sasa nitakubaliana nawe kuhusu wizi.

Mawili ya haraka kabla sijasahau. Usimruhusu mtu akupigie kromu springi, spoki wala boliti za kubeba uzito ili zipendeze. Tindikali na umeme huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, na kisipookwa mara moja kwenye tanuri saa kadhaa kinakuwa chepesi kukatika. Na jirani atakayekuambia anaweza kukufanyia uani kwa chaja ya betri na debe la dawa, mkimbie. Mvuke wa dawa hiyo umetoboa pua za wafanyakazi wa viwandani, namaanisha ule ukuta wa katikati, na unaleta saratani ya mapafu. California mwaka 2023 waliamua kromu ya mapambo inayopigwa kwa dawa hiyo iondoke hatua kwa hatua. Dawa hiyo isimwagwe karibu na kisima cha watu.

Sasa mama watoto.

Unaniuliza umweleweshe vipi kwamba kromu ni ghali. Mwanangu, hilo analijua. Aliliona kwenye simu yako, kwa tarakimu. Ulimtajia robo ya bei, kisha milioni 1 na laki 8 ukaitoa juu ya vichwa vya watoto wake, kwenye bati. Hata ukimsomea somo lote hilo la nikeli na shaba nililokupa, atakusikiliza vizuri na bado atakuwa na haki ya kunyamaza.

(Hapa kuna wasomaji wanaongoja niseme kwamba ndoa nayo ni kama kromu, ukificha kutu chini itatokea juu. Sisemi. Eksozi ni eksozi.)

Nikasoma tena ule mstari wako wa turubai, uliouandika kama mtu anayelalamika. Stoo ilivuja, wewe hukuwepo, na yeye aliacha ndoo na magodoro akaenda kuifunika pikipiki ya baba mkwe wake. Hukutumwa kuniandikia hilo, limekutoka tu. Mtu anayeichukia pikipiki angeiacha inyeshewe. Sisi akina ssenga, yaani mashangazi kwa Kiganda, tunasoma mistari kama hiyo kwanza, ile mingine baadaye. Huyu mama hana ugomvi na BSA. Ana ugomvi na laki 6.

Kwa hiyo usimtume dada yake, usiite wazee, usimnunulie gauni la gomesi. Subiri watoto walale, ukae naye, useme ulidanganya, kwa neno hilohilo, bila "nilitaka kukushangaza". Taja milioni 2 na laki 4. Taja laki 9 inayodaiwa, kwa sababu akija kuigundua mwenyewe siku nyingine usiniandikie tena. Kisha mpe simu, yeye aongee na fundi ile hesabu ya kipande kwa kipande. Mwanamke aliyewahi kupatana bei na wauza vitenge wa mpakani Malaba hatashindwa na fundi wa Nairobi.

Na mabati kwanza. Shilingi yoyote atakayorudisha fundi iende huko, na yako ya mwezi ujao, na wa baada yake. Pikipiki imengoja miaka 12 bila kulalamika.

Mdogo wako wa Kampala mwambie asante, ila pikipiki iliyofunguliwa vipande, nusu yake iko nchi nyingine, haiuziki ila kwa wauza vyuma chakavu. Akitaka sana kusaidia, achangie rimu.

Vipande vikiwa tayari, vihesabu mbele ya fundi, kimoja kimoja, na kwenye mpaka onyesha forodha ile karatasi ya kuvitoa kwenda kutengenezwa. Kama hukuandikishiwa wakati wa kuvuka, kazungumze nao sasa, kabla havijarudi. Halafu usifunge eksozi iliyopigwa kromu mara moja. Washa injini kwa eksozi nyingine kuukuu ya kuazima kwanza, rekebisha kabureta mpaka itulie, maana injini inayochoma vibaya itaigeuza kromu yako kuwa ya bluu asubuhi ya kwanza, na hiyo haifutiki kwa kitambaa.

Pete ya taa mwachie mama watoto aifunge yeye. Skrubu ni moja tu, iko juu.