Ukiona CA kwenye ripoti ya CPAP, usikimbilie kuongeza presha ya hewa

Wanaoanza kutumia CPAP, mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe usingizini, hapa Mwanza huniuliza mapema sana: "Mbona mashine inasema bado pumzi inakatika, wakati koo nimeambiwa liko wazi?" Angalia herufi. OA ni koo kulegea na kuziba. Hilo presha inalimudu. CA ni jambo jingine: njia ya hewa iko wazi, ila ubongo haukutoa amri ya kuvuta pumzi kwa sekunde 10 au zaidi. Mtumbwi mzima, injini nzima, hakuna aliyevuta kamba.

Kinachousukuma ubongo utoe amri hiyo ni hasa kaboni dayoksaidi iliyomo kwenye damu. CPAP ikishafungua koo lililokuwa linabanwa kila usiku, gesi hiyo inaweza kutoka kupita kiasi, na ubongo unanyamaza mpaka ipande tena. Ukipandisha presha hapo, unaweza kuzidisha tatizo.

Kwa wengi CA hupungua zenyewe baada ya wiki kadhaa hadi miezi 3, mradi wanavaa barakoa kila usiku. Basi tazama mwenendo wa mwezi mzima. Mashine nayo haijui kama umelala: ukigeuka huku umebana pumzi, inaandika CA. Barakoa ikivuja, hesabu inavurugika. Usiku ambao umeme umekatika nikawa naamka-amka, mimi hata ripoti siifungui.

Wapo wanaosingizia mwinuko wa mahali wanapolala, kwamba hewa nyepesi ya juu ndiyo inaleta CA. Ziwa letu liko mita 1,134 tu. Ukienda kulala Njombe, karibu mita 2,000, hapo hoja hiyo ina uzito kidogo.

CA zikibaki 5 kwa saa au zaidi, rudi kliniki. Taja dawa zote unazomeza, hasa za maumivu kama tramadoli na mofini, na uliza kuhusu kupimwa moyo kwa ekho (picha ya mawimbi ya sauti), maana moyo ulioshindwa kazi nao huleta CA. Usikubali kuuziwa mashine ya mtumba ya ASV, ile inayobadilisha presha kufuata kila pumzi yako, kabla ya kipimo hicho. Utafiti wa SERVE-HF wa mwaka 2015 ulikuta vifo vya moyo vimeongezeka kwa waliotumia ASV huku moyo wao, kwa kila pigo, ukisukuma nje asilimia 45 au chini ya hapo ya damu iliyo kwenye chumba chake cha kushoto.

Siku ya kliniki beba kadi ya kumbukumbu ya mashine. Picha ya skrini haimwonyeshi daktari mawimbi ya pumzi.