Shingo ya mita tatu: maswali yenu kuhusu Tanystropheus

Huyu ni mtambaazi wa majini wa kipindi cha Triasiki, aliyeishi miaka milioni 242 hivi iliyopita. Nimechagua maswali manne kati ya mliyotuma.

Alikuwa dinosaria?

Hapana, ni wa ukoo mwingine.

Anamshinda twiga kwa shingo?

Anamshinda mbali. Twiga ana pingili saba za shingo, kama wewe na mimi. Tanystropheus alikuwa nazo 13, nyingi zikiwa ndefu ajabu na zenye uwazi ndani. Wale wakubwa walifika mita sita hivi, na shingo peke yake ilikaribia mita tatu. Chini ya pingili hizo zilipita mbavu nyembamba zilizolaliana kama fito, kwa hiyo shingo ilikuwa ngumu, haikujikunja kama nyoka.

Mwaka 1886 mtaalamu wa visukuku (mabaki ya kale yaliyogeuka mawe) Francesco Bassani wa Italia alimdhania kuwa mtambaazi arukaye, na baadaye mifupa hiyo mirefu ya shingo ikachukuliwa kuwa ya vidole vya bawa! Siwalaumu, walikuwa na vipande tu. Ni mtaalamu mwingine, Bernhard Peyer, aliyeujua ukweli, baada ya mifupa kamili zaidi kuchimbwa kwenye mlima Monte San Giorgio, Uswisi, mwaka 1929.

Wale wadogo si watoto tu wa wakubwa?

Mabaki yao yamepatikana ya saizi mbili, wakubwa na wadogo, na wengi walidhani hivyo. Mwaka 2020 watafiti waliikata mifupa ya wadogo, wenye urefu wa mita moja na nusu hivi, wakakuta pete za ukuaji kama za shina la mti. Wale walikuwa wamekomaa! Basi ni spishi mbili zilizoishi pamoja bila kugombea chakula: mdogo ana meno yenye ncha tatu, mkubwa ana machonge yanayopishana, ya kunasia samaki na ngisi.

Shingo hiyo haikumponza?

Ilimponza. Mwaka 2023 watafiti Stephan Spiekman na Eudald Mujal walichunguza visukuku viwili, kimoja cha kila spishi, ambavyo vimebaki kichwa na kipande cha shingo tu. Shingo zimekatika ghafla, na kwenye yule mkubwa alama za meno zinaonyesha aliumwa kutoka juu. Nyama ilikuwa kiwiliwilini, na adui akaenda nayo. Kichwa na shingo, visivyo na cha kuliwa, vikazama topeni.