Jibu: Draivu ya boti inayopoteza nguvu kwenye kasi kubwa

Ndugu yangu wa Moshi, umeuliza kama ununue draivu mpya (sehemu ya chini yenye gia, inayozungusha propela majini) kwa sababu boti yako, injini ikifika mizunguko 5,000 kwa dakika, haivuki kilomita 90 kwa saa. Kabla ya kutoa fedha, piga hesabu. Kwa uwiano wa gia wa 1.5 (injini huzunguka mara 1.5 propela ikizunguka mara moja) na propela ya pichi ya inchi 23, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, boti isiyoteleza hata kidogo ingekimbia takriban kilomita 117 kwa saa, hivyo unapoteza asilimia 23, ilhali boti nyepesi ya mbio iliyopangwa vizuri hupoteza karibu 10 tu.

Mimi ningeanza na propela ya chuma cha pua yenye mabawa manne, kisha ningepandisha draivu kidogo kidogo, kwa kuwa sehemu yake iliyozama ndiyo inayokokota maji. Hata hivyo, ukiipandisha sana, matundu ya pembeni ya maji ya kupozea yatavuta hewa na injini itachemka; ndiyo maana draivu za mbio huwa na pua iliyochongoka yenye matundu ya maji chini mbele. Usipandishe chochote bila geji ya shinikizo la maji.

Jambo moja wengi hulisahau: Bwawa la Nyumba ya Mungu, la huko kwenu, liko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Propela iliyopimwa Tanga, kwenye usawa wa bahari, itakuwa nzito kwa injini yako. Punguza pichi kwa inchi moja au mbili.